Mabanda Mawili

Banda la kushoto: pumba, dagaa, unga wa maganda ya chaza.
Banda la kulia: hayo hayo, na kijiko cha unga wangu.
Mlonge uliokauka kivulini siku nne,
binzari kutoka shambani kwa Kaije,
thomu punje tatu kwa debe,
na makonyo, yale yanayosalia jamvini
karafuu zikishachambuliwa,
nayatwanga mpaka kinu kinanukia sikukuu.

Kuku ishirini huku, ishirini kule.
Shaame, bwana mifugo wa Wete, kijana wa juzi,
aliniambia, "Usiwachanganye, Bi Hadia.
Na uandike. Kisichoandikwa ni porojo."
Daftari sina. Nina ukuta na kipande cha mkaa.
Vistari vifupi, kama meno ya chanuo.

Wiki ya kwanza, sawasawa.
Wiki ya pili kulia kukapungua,
jirani akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango:
"Umewalisha chungu, wamegoma!"
Wiki ya tatu nikapasua yai la kulia juu ya kaango.
Kiini kikasimama, rangi ya papai lililoivia mtini,
si kama haya yanayoshushwa bandarini kwa trei,
kiini kimepauka kama kanga
iliyofuliwa mwaka mzima.

Basi nikajiona fundi.
Thomu punje tatu zikawa kumi.
Ijumaa akaja Time, muoka keki, na bakuli chini ya mtandio:
"Mwenzangu, keki ya harusi
imenuka mchuzi wa pweza. Bibi harusi kalia."
Nikamrejeshea pesa zake, na juu yake mayai sita ya kushoto,
yasiyojua chochote.
Nikarudi kwenye tatu.

Lakini hili sikumwambia Shaame.
Kinu hiki ni cha mkwe wangu, Mungu amrehemu.
Humu alinitwangia miaka kumi na mmoja:
habasoda, tangawizi, makonyo haya haya,
na mizizi ambayo hakuitaja majina.
Kijiko alfajiri, kijiko baada ya isha.
"Kunywa, mwanangu, tumbo lifunguke."
Nikanywa.
Nikitoka jasho, shuka zilinuka kama ghala la karafuu.
Kila mwezi nikafua, nikaanika,
na yeye akatazama kamba ya nguo,
akaongeza kijiko.
Hapakuwa na mkaa wala ukuta.

Banda la pili lilikuwepo, ukitaka kujua.
Massoud alioa Chwale, binti wa watu, mweupe wa roho.
Yule hakunyweshwa hata tangawizi.
Miaka sita. Naye hakupata.
Nyumba mbili, moja na dawa, moja bila dawa,
na kote ukuta mtupu,
na katika mji mzima hakutokea mtu
wa kumtazama jogoo.

Tulikuja kukutana mazikoni, mimi na yule wa Chwale.
Tulikaa mkeka mmoja, tukachambua mchele wa khitma.
Akaniuliza, "Ilikuwa chungu?"
Nikamwambia, "Sana."
Akanishika mkono, ukiwa bado na chuya.

Leo Shaame kaja, kahesabu ukuta kwa kidole
mpaka kidole kikawa cheusi.
Kulia kumi na saba kwa siku, kushoto kumi na tano.
"Wamezidi kidogo," asema. "Huenda ni dawa.
Huenda ni bahati tu. Masika yapite, tuhesabu tena."
Akanitazama kama aliyeomba radhi.
Hakujua nilivyolipenda neno lake, huenda.
Laiti angalizaliwa mapema,
akapita nyumbani kwetu na kidole chake kile.

Nikamfungia mayai mawili kwenye jani la mgomba,
moja la kila banda.
Sikumwambia lipi ni lipi.
Atajua kaangoni.